Presha Isiyoonekana Kwenye Mashine

Hapa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, Kenya, watu hawaji zahanati kusema wana wasiwasi. Wanakuja na presha. "Daktari, nipime presha," mtu anasema akiwa bado mlangoni, na mkono wa shati umeshakunjwa hadi juu ya kiwiko. Mashine inaonyesha 118 kwa 76. Namwambia presha yake ni nzuri, naye ananitazama kana kwamba nimemnyima haki yake. Baada ya siku chache amerudi na gesi. Halafu ni taifodi. Maabara za kando ya barabara zitampima na kumwambia taifodi ipo, maana kile kipimo cha bei nafuu mara nyingi humpata nayo hata asiyekuwa nayo. Atameza antibiotiki za wiki mbili, na usiku moyo utaendelea kudunda.

Mimi ni afisa wa kliniki, ingawa mtaani sote tunaitwa daktari. Nimefanya kazi Nakuru muda wa kutosha kujua kwamba watu hawa hawajifanyi. Kifua kinawabana kweli. Mikono inakufa ganzi kweli. Anayekuambia "nilidhani nakata roho ndani ya matatu pale Gilgil" hasemi kwa mafumbo. Kila mara naanza na mwili: damu, sukari, tezi ya shingo, na kipimo cha umeme wa moyo kikipatikana, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizohizo, na mgonjwa wa moyo akiambiwa "ni mawazo tu" anaweza kufa. Ila vipimo vyote vikitoka safi, wengi wetu huishia hapo. "Huna kitu, mama. Nenda upumzike." Hilo neno "huna kitu" ndilo ninalopigana nalo.

Nilipoanza kumsoma Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha saikoanalisia, yaani tiba ya kuchimba nafsi kwa mazungumzo, nilitarajia ndoto na mambo ya chumbani. Katika makala yake ya 1895 nilikuta foleni yangu ya Jumatatu asubuhi. Wakati huo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wanatumia jina moja, nurasthenia, lililoenezwa na Mmarekani George Beard kuanzia 1869, kwa kila aina ya uchovu na udhaifu wa neva. Freud alitoa kundi moja ndani ya gunia hilo na kulipa jina la wasiwasi. Akaorodhesha: moyo kwenda mbio, pumzi kukatika, jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuhara, kizunguzungu, kushtuka usingizini. Akaongeza kwamba mara nyingi mgonjwa hata hataji hofu yenyewe. Atalalamikia moyo, au atasema tu kwamba hajisikii vizuri. Hayo yaliandikwa Vienna zaidi ya miaka mia moja na ishirini iliyopita, na ningeweza kuyabandika leo kwenye mlango wa chumba changu.

Katika makala hiyohiyo yumo mwanamke ambaye mume akikohoa kidogo, yeye tayari anaiona jeneza ikipita. Akirudi nyumbani akakuta watu wawili wamesimama mlangoni, anajua mtoto ameanguka dirishani. Kengele ikilia, ni habari ya msiba. Nilisoma kipande hicho mara nyingi kwa sababu ya mgonjwa mmoja, ambaye nimebadilisha mambo yake kadhaa hapa ili asitambulike, naye amekubali niandike.

Anauza mboga. Vidole vyake vya mkono wa kulia vina rangi ya kijani isiyotoka, ya kukatakata sukuma wiki tangu alfajiri. Alikuwa amezunguka vituo kadhaa na mfuko wa plastiki uliojaa vijitabu na karatasi za maabara, zote safi. Kila usiku kati ya saa nane na saa tisa moyo ulianza kumpiga, miguu ikawa baridi, akaamka kukaa kitandani akisubiri kufa. Daktari mmoja alimwambia ni vidonda vya tumbo. Mchungaji alimwambia ni mambo ya ukoo. Mimi mwenyewe, siku hiyo, niliangalia karatasi zake na sikuwa na la kuongeza, kwa hiyo nikamuuliza jambo nililokuwa nimelisoma katika maandishi ya baadaye ya Freud.

"Mama, yakikushika hayo usiku, unaogopa kumpoteza nani?"

Alikuwa na leso yenye fundo la sarafu. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Huyu kijana wangu wa mwisho," akasema. "Ameandikwa askari wa usiku huko mjini."

"Unaogopa nini juu yake?"

"Asibishe. Kwamba kutakucha na hajabisha mlango."

Tukanyamaza kidogo. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema baba ya kijana naye hakubisha. Mwezi Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru, alitoka jioni kwenda kumchukua ndugu yake, na hakurudi tena. Hakukuwa hata na mwili wa kuzika. Katika karatasi zote zile za mfukoni, hakuna mahali pameandikwa hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliulizwa kama ana homa.

Sasa nirudi kwa Freud, maana swali lile halikutoka katika makala ya 1895. Wakati huo maelezo yake yalikuwa kwamba msisimko wa kimapenzi uliokosa njia ya kutoka hugeuka kuwa wasiwasi. Baadaye alisema unageuka namna mvinyo unavyogeuka kuwa siki. Sikubaliani naye hapo, na sijui mgonjwa wangu hata mmoja ambaye ningemsaidia kwa maelezo hayo. Lakini kuna jambo moja ninalomheshimu nalo kuliko mengine yote. Mwaka 1926, akikaribia miaka 70, mgonjwa wa saratani ya taya, na jina lake likijulikana kila mahali, alitoa kitabu cha kupindua nadharia yake mwenyewe. Mwanafunzi wake Otto Rank alikuwa amedai mwaka 1924 kwamba wasiwasi wote ni mwangwi wa mshtuko wa kuzaliwa. Freud hakukubali, lakini madai hayo yalimlazimisha afikirie upya. Akafikia mahali pengine kabisa. Zamani alidai kwamba mtu akizika jambo moyoni, jambo hilo hugeuka wasiwasi. Sasa akasema wasiwasi ndio unaotangulia, na ndio unaomfanya mtu azike. Ni ishara. Nafsi inahisi hatari inakaribia na inapiga mbiu mapema, kwa dozi ndogo, ili mtu asije akakutwa tena hana kinga.

Na hatari gani? Hapa ndipo alipoandika kurasa ninazozipenda. Alimwangalia mtoto mdogo: anaogopa akiwa peke yake, anaogopa gizani, anaogopa akiona uso mgeni mahali alipotarajia uso wa mama. Freud akasema hofu hizo tatu ni moja, yaani kumkosa umpendaye. Miaka mingi kabla alikuwa ameshasimulia habari ya mvulana wa miaka mitatu aliyelala kwenye chumba cha giza na kumwita shangazi yake aseme naye. Shangazi akamuuliza itamsaidia nini, na hali hamwoni. Mtoto akajibu kwamba mtu akiongea, kunakuwa na mwanga.

Kutoka kwa mtoto huyo njia ya mawazo inafika hadi jirani zetu kabisa, na nashangaa kwamba sikufundishwa hili chuoni. John Bowlby, mtaalamu wa saikoanalisia wa Uingereza, alilichukua wazo la kutengana na kulifanyia kazi maisha yake yote. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefanya kazi naye London, alihamia Uganda, na mwaka 1954 na 1955 akatembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akikaa sebuleni na akina mama, akiangalia watoto wachanga. Aliandika nani analia mama akitoka, nani anatambaa kwenda mbali kisha anageuka kuhakikisha mama bado yupo. Alienda akiwa na shaka juu ya mawazo ya Bowlby, na watoto wale wakamwondolea shaka. Elimu ya hofu ya kutengana inayofundishwa leo vyuo vikuu vya dunia ina mizizi kwenye nyumba za Buganda.

Linganisheni na kilichoandikwa kuhusu Waafrika miaka hiyohiyo. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, aliiongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950 bila kuwa na mafunzo ya kutosha ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kudai kwamba huzuni kubwa ni nadra kwetu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake yaliyoigeuza Mau Mau kuwa tatizo la kisaikolojia, na ardhi ikasahaulika. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique aliyepinga ukoloni, alimjibu mwaka 1961, kwa hasira ya haki. Carothers alikuwa na hospitali nzima ya watu wa kuwasikiliza. Ainsworth alikaa chini na kuangalia. Ninaona kwamba bado tunaishi na urithi wa Carothers kila mhudumu wa afya anapodhani kwamba mama wa mboga hana nafsi ya ndani ya kuulizwa, ana tumbo tu na kichwa.

Mambo mengine ya karne ile nayapitia haraka. Vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza, viliingia sokoni 1963 na kumfanya kila mtu aamini kwamba wasiwasi umepata dawa. Aaron Beck, aliyesomea saikoanalisia huko Marekani, aliiacha na kuanza kuwafundisha wagonjwa kuyapima mawazo yao. Mbinu yake ina ushahidi mzuri na ninaitumia. Mwaka 1980 mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili uliachana na nadharia ya Freud na kuugawa wasiwasi katika majina mengi madogo, kila moja na orodha ya dalili. Orodha hizo zinanisaidia kujaza fomu na kuchagua dawa, na wapo wagonjwa ambao dawa imewarudishia maisha. Haziniambii kamwe kwamba kuna mlango uliokosa kubishwa.

Yule mama hakupona siku ile, na sitaki mtu asome hapa hadithi ya muujiza. Tulikutana mara kadhaa. Mara nyingine alizungumza juu ya bei ya nyanya tu. Siku moja alileta kitambulisho cha mumewe, kimechakaa pembeni, akakiweka juu ya meza yangu na kuniambia sauti yake ilikuwaje na alivyopenda kukejeli chai isiyo na tangawizi. Alilia kilio cha msiba, cha mtu ambaye hakuwahi kuruhusiwa matanga. Kijana akiondoka kazini sasa humpigia na kukata mlio wa kwanza. Kushtuka kulipungua, akaanza kulala hadi saa kumi.

Kisha ikaja Agosti 2022, mwezi wa uchaguzi mkuu, na yote yakarudi kwa wiki tatu. Mimi sikuona hapo ugonjwa umerudi. Mji mzima ulikuwa unapakia. Familia za mtaa huu zilikuwa zinanunua unga wa ziada na mafuta ya taa, wengine wakapeleka watoto kwa nyanya zao mashambani, na magari ya kwenda magharibi yalijaa wiki nzima kabla ya kura. Hakuna aliyeita hayo maradhi. Mwili wa huyu mama ulikuwa unafanya kilekile, unapiga mbiu mapema, kwa kuwa 2008 haikumpa onyo lolote. Nilimwambia hivyo. Alicheka kidogo, akaniambia, "Basi mwanangu, huu moyo una akili." Akaenda kukaa kwa dada yake Molo hadi matokeo yalipotulia.

Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuweka mabenchi nje ya zahanati na kuwafundisha akina nyanya wa mtaa kukaa na watu waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyanya wale hawakusoma Freud, wala sitaki wahamasishaji wetu wa afya ya jamii wamsome. Ninachowaomba, kwa kuwa wao ndio wanaoingia nyumba kwa nyumba, ni kwamba wakimkuta mtu ambaye vipimo vyake ni safi na bado halali, wamuulize anaogopa kumpoteza nani, halafu wavumilie kimya kitakachofuata bila kukimbilia "Mungu atasaidia." Mungu atasaidia, lakini mtu amalize kwanza kusema.

Ninaandika hivi kwa sababu ya uchaguzi wa Agosti 2027. Kwa niliyoyaona 2017 na 2022, kuanzia Juni ya mwaka wa uchaguzi wanaotaka kupimwa presha huongezeka, na wengi wao presha hawana. Mwenzangu mmoja huniambia hatuna muda wa mazungumzo na foleni imefika hadi getini. Namuonyesha ule mfuko wa plastiki: vipimo vya damu, vya choo, vya taifodi mara nne, picha ya kifua, vidonge vya tumbo vya miezi. Muda huo wote tuliutumia, na mama alilipia kila karatasi. Tulichokosa ni dakika ishirini na chumba chenye mlango unaofungika. Chumba tumekipata, kilikuwa stoo ya vyandarua. Na ndugu zangu wa maduka ya dawa, tafadhali msimpe mtu diazepamu ya mwezi mzima kwa sababu tu amesema halali. Mtumeni kwetu kwanza.