Mkate na Chumvi kwa Rafiki Aliyefungua Mgahawa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Warumi 12:15 imenikaba, hasa nusu yake ya kwanza. Kulia na waliao tunajua. Msiba ukitokea, jioni haijafika daftari la rambirambi lishazunguka na sufuria zimeshaazimwa. Kufurahi na wafurahio ndiko tunakochechemea, nami nimo. Rafiki Mjerumani aliyetupokea vizuri tulipofika huku Ujerumani anafungua mgahawa wake, tunamtumia vikatuni vya makofi kwenye WhatsApp, kisha tunaulizana kama siku ya ufunguzi chakula ni cha bure.

Wenyeji wa Ujerumani wana desturi nzuri. Anayehamia nyumba mpya hupelekewa mkate na chumvi, na msemo wake ni Brot und Salz, Gott erhalt's, yaani mkate na chumvi, Mungu avidumishe. Msomaji wa Walawi 2:13 hapo haoni ugeni: sadaka ya unga haikukosa chumvi. Basi aliyefungua mgahawa amefungua nyumba. Mpelekee mkate, na uwe umeuoka mwenyewe, wa ngano na rai (nafaka inayofanana na ngano) kama wanavyoula wao.

Jioni ya kuamkia siku ya kuoka, changanya gramu 200 za unga wa rai (kwenye mfuko wake pameandikwa Roggen, Type 1150), gramu 200 za maji vuguvugu na gramu 20 za chachu iliyo hai, yaani donge la unga na maji lililochachishwa na kutunzwa kwenye friji. Ile namba ya Type ni miligramu za majivu yanayobaki gramu 100 za unga mkavu zikichomwa. Namba ikipanda, ujue sehemu ya ganda la punje iliyobaki ni kubwa zaidi. Funika, weka penye nyuzi 25 hivi kwa saa 14 hadi 16. Asubuhi utakuta imetutumka, ina matundu, inanukia kama tufaha lililoanza kuchacha. Kabla ya kitu kingine chochote chota gramu 20 uzirudishe kwenye friji. Anayesahau hapa ameoka chachu yake yote.

Kwenye iliyobaki tia gramu 150 za rai, gramu 250 za unga wa ngano Type 1050, gramu 220 za maji vuguvugu na gramu 12 za chumvi. Koroga dakika tano, basi. Rai haivutiki kama ngano, na ukiikanda kama chapati itakuganda hadi viwikoni, kisha utashawishika kuongeza unga. Usiongeze, maana ndiko unakotoka ule mkate mkavu unaopasuka ubavuni. Lowesha mikono badala yake. Acha donge dakika 30, liviringe, litie kwenye kikapu kilichonyunyiziwa unga, lingoje saa moja na nusu hadi mbili, mpaka liongezeke nusu ya ukubwa na unga wa juu uanze kufanya nyufa. Likipitiliza, litatandazika kwenye oveni kama andazi lililokaliwa. Oka ndani ya sufuria ya chuma iliyokwisha kupata moto, nyuzi 250 kwa dakika 15 na mfuniko, halafu nyuzi 200 kwa dakika 40 bila mfuniko. Ugonge chini: ukilia kama debe tupu, umeiva.

Mtu atauliza, kwa nini usumbufu wote huu wakati hamira ya pakiti ipo? Rai ina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, na wanga wake hulainika mapema, oveni ikiwa bado haijavizima vimeng'enya hivyo. Uchachu ndio unaovifunga mikono. Oka rai nyingi kwa hamira peke yake uone: nje umependeza, ndani unanata kwenye kisu kama ugali mbichi. Nao uliookwa sawasawa, ukikatwa ungali moto, hunata vilevile. Unahitaji nusu siku au usiku mzima ili kiini kitulie. Mwanamke wa Mathayo 13:33 aliisitiri chachu ndani ya unga, kisha ikabaki kungoja. Hakuna mahali tunapoambiwa alifunguafungua kutazama.

Na hapa, wapendwa, mniwie radhi, nitasema kwa ukali kidogo.

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anapoeleza mkate wetu wa kila siku katika Sala ya Bwana haishii kwenye chakula. Anataja nguo, nyumba, mifugo, amani, afya, na karibu na mwisho wa orodha ile anataja marafiki wema na majirani waaminifu. Wengi wetu tuliikariri kipaimara tukapita. Kumbe tukiomba mkate tunamwomba Mungu marafiki! Halafu akishatupa tunawageuza kuwa mlango wa punguzo. Tunakwenda watu tisa, tunaagiza sahani tatu na maji ya bomba, tunakaa hadi wanafunga. Tunanong'ona kwa Kiswahili kwamba bei ni kubwa, kana kwamba uso hausomeki. Ile Sauerbraten unayoinung'unikia ni nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye siki na viungo kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima, ndipo ikachemshwa polepole kwa saa kadhaa. Ulipokuwa umelala, rafiki yako alikuwa anaigeuza. Luka 10:7 inasema mtenda kazi astahili ujira wake, nasi tunapenda kuisoma mtumishi wa Mungu anapohitaji nauli. Mpishi je? Kama kweli unampenda, kula unachoweza kulipia, hata kama ni supu na kipande cha keki, ulipe bei yote kwa moyo mweupe. Kisha rudi mwezi wa tatu tangu afungue, ukumbi ukiwa nusu tupu na shamrashamra za ufunguzi zimekwisha. Siku ile ndiyo anayoikumbuka. Kila mtu huja Jumamosi ya kwanza.

Kuhusu kupeleka mkate wenyewe: migahawa mingi ina siku yake ya mapumziko, Ruhetag, mara nyingi Jumatatu, na mingi hufunga jiko kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Oka Jumatatu, peleka Jumanne saa tisa, kwenye kitambaa safi, na kijaluba cha chumvi pembeni. Mwambie ni wake na wafanyakazi wake. Asijione analazimika kuwagawia wateja, kwa sababu wao lazima waelezwe viambato vyenye mzio, ngano na rai zikiwamo, na mkate wako hauna karatasi.

Mkitaka kwenda kula wengi, pigeni simu mtaje idadi, na mkipungua pigeni tena, kwa kuwa kiti kitupu kilichowekwa ni hasara kwake. Bili ikija ya yuro 46 mwambie anayepokea "fünfzig", yaani hamsini, wakati unampa fedha, ndivyo bakshishi inavyotolewa huku. Si kuacha sarafu mezani na kuondoka. Meza yenye kibao cha Stammtisch, yaani meza ya wateja wa kudumu, iacheni. Ina wenyewe, huenda wakaja saa mbili usiku na wakawakaribisha.