Nimeacha kuuliza kama mbao imekauka

Muulize muuzaji yeyote wa mbao, kuanzia Keko ya Dar es Salaam hadi hapa kwetu Ngamiani, Tanga, kama mzigo wake umekauka. Atagonga ubao kwa vidole, atasema "sikiliza mwenyewe, fundi, si unalia huo," na bei itapanda hapo hapo. Mimi swali hilo nimeliacha. Siku hizi nauliza mambo mawili: mti uliangushwa lini, na umekaa wapi tangu siku hiyo. Anayenijibu yote mawili bila kubabaika, nachukua namba yake ya simu. Wengine tunaagana vizuri, kila mtu na shughuli zake.

Kazi yangu ni kukereza, yaani kuchonga mti unaozunguka kwenye mashine. Kinachonilisha zaidi ni vinu vya kusagia pilipili manga na vibakuli vyenye vifuniko, navyo huenda hotelini au kwa watu wanaotafuta zawadi ya harusi. Seremala wa milango anaweza kuvumilia ubao wenye maji kidogo, maana mlango ukivimba atapitisha randa. Kinu hakina msamaha huo. Kichwa chake kinazunguka juu ya kiwiliwili, katikati unapita mhimili wa chuma, na nafasi kati ya vipande viwili ni ndogo kama unene wa karatasi. Mti ukiendelea kukauka mezani kwa mteja, tundu lililokuwa duara linakuwa la mviringo wa yai, na kichwa kinakwama. Mti hausinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete zake unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kwa sababu hiyo hiyo gogo lililokaushwa likiwa na kiini chake ndani hupasuka tu, hata ulitunze vipi.

Mti unaonisumbua kutafuta kuliko yote ni mpingo. Ukiwa mkavu kabisa bado unazama majini, na mti mzito namna hiyo hautoi maji yake kwa haraka. Kipande kinene cha mpingo kinataka miaka, si miezi. Wanaouchukua kwa bei kubwa ni watengenezaji wa Ulaya wa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, nao wanataka vipande vilivyonyooka visivyo na doa wala ufa. Mpingo wenyewe unaota umepinda, mara nyingi una uwazi ndani, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo inakataliwa. Kwa mkereza mdogo hiyo ni neema, kwa kuwa kipande kifupi kilichoshindwa kuwa klarineti kinatosha kabisa kuwa kinu. Tatizo ni kwamba mabaki hakuna aliyeyatunza. Unayakuta yamerundikwa juani, vichwa vyote viwili, yaani ncha zake, vina nyufa, na nyufa za mpingo hazibaki juu juu. Zinaingia ndani kimya kimya, unaziona tu ukiwa umeshaanza kukereza.

Gogo hupoteza maji vichwani kwa kasi kuliko ubavuni, mara nyingi zaidi. Vichwa vinasinyaa huku katikati bado pamejaa maji, basi lazima papasuke. Dawa yake ni rahisi: siku ile ile ya kupasua, vichwa vyote vizibwe kwa nta au kwa rangi nzito ya mafuta. Nikifika kwa muuzaji, hapo ndipo ninapoangalia kwanza. Vichwa vilivyozibwa mapema vinanieleza kwamba mwenye mali alikuwa na habari ya kesho yake. Vikiwa vimepakwa rangi mpya juu ya nyufa za zamani, naondoka.

Ninaye mzee mmoja upande wa Handeni ninayemwamini kuliko wote. Anaziba vichwa, kisha anaandika juu yake mwezi na mwaka kwa rangi nyeupe. Mbao zake haziko chini, ziko juu ya matofali, kila safu imetenganishwa na vijiti vya unene mmoja, chini ya paa lisilo na kuta, upepo unapita huku na huku. Kuna wakati nilichagua kipande cha mninga kilichonijaa mikononi, rangi ya asali iliyokolea. Akakigeuza, akasoma tarehe, akakirudisha mahali pake. "Hicho bado, mwanangu. Acha masika yapite, uje kusi ikitulia." Nilikuwa na pesa mfukoni na yeye aliziona. Tangu siku hiyo akiniambia mzee kwamba ubao uko tayari, sibishani na bei yake.

Na bei yenyewe ni kubwa, tuseme ukweli. Wenzangu wengi hunung'unika kwamba mbao kavu inauzwa ghali kuliko mbichi ya mti ule ule. Lakini huyu mtu amelipa mti, amelipa ushuru, amelipa kupasua, kisha pesa yake imelala chini ya paa akiipigania na mchwa na mvua. Anayekuuzia mbao "kavu" kwa bei ya mbichi amekuuzia mbichi. Mimi hutoa malipo ya awali kwa vipande ambavyo bado, tunaandikiana, jina langu linaandikwa kwa chaki kwenye kipande. Yeye anapata pesa ya kuzungusha, mimi nina hakika ya mwakani.

Hata hivyo kumwamini mtu hakuniondolei kazi ya kupima. Kipima unyevu chenye sindano fupi kinasoma ngozi ya ubao tu, na kwenye mti mzito kama mpingo kinahitaji kurekebishwa kwanza. Kwa hiyo natumia mzani na oveni. Nakata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, kamwe si nchani, nakipima, nakiweka kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka. Kipande cha gramu 57 kikiishia gramu 50, maji yalikuwa gramu 7, sawa na asilimia 14 ya mti mkavu. Kwa hewa yetu ya pwani hapo ndipo karibu mbao inapotulia yenyewe. Kinu kinachokwenda Dodoma, au Ulaya kwenye nyumba za kupashwa joto, kinataka ukavu zaidi, kwa hiyo vipande vyake vinakaa kwenye kabati lenye balbu, na kila wiki naandika uzito kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Namba ikijirudia mara kadhaa, naanza kazi.

Vibakuli vina njia nyingine. Navikereza vikiwa bado na maji, naacha ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wa bakuli, nazika ndani ya mifuko ya karatasi yenye maranda yake. Vinapinda vinavyotaka kupinda, kisha navirudisha kwenye mashine. Kwa bakuli, basi, sihitaji muuzaji wa mbao kavu. Nahitaji muuzaji mkweli wa mbao mbichi, na huyo ni rahisi kidogo kumpata.

Jihadhari na vipande vilivyozungushiwa nta pande zote vinavyoagizwa kutoka nje. Vinapendeza, lakini nta ya pande zote huwekwa ili maji yasitoke haraka. Kwa kawaida ndani bado ni kibichi. Na mpingo wa bei ya kutupa ukwangue kwa kisu chini, mahali pasipoonekana. Nimeshakuta mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu.

Mti ukiwa mkavu na mzuri lakini hauna karatasi, siununui. Nasisitiza hili kwa vijana wanaoanza, kwa kuwa wanadhani karatasi ni kazi ya wenye malori. Nataka kuona hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu, alama ya nyundo inayogongwa na maofisa wa misitu kwenye gogo, na risiti. Jamii yote ya mpingo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na mkutano wa Panama wa 2022 ukaongeza mkongo na mninga wa Afrika. Mteja wa nje akikuomba vipande vya mbao hizo, utahitaji kueleza vimetoka wapi. Kilwa wameonyesha inawezekana: vijiji kama Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha utunzaji mzuri wa misitu, kwa misitu yao ya asili, na mapato ya mti uliovunwa yanarudi kijijini. Mpingo unachukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Ukinunua wa magendo, unamlipa mtu aliyemwibia mtoto wa kijiji kile.

Msaji hauna mashaka hayo kwetu Tanga. Shamba la Longuza liko Muheza, miti imepandwa, inauzwa kwa mnada wa serikali, na kila mpasuaji anajua umetoka wapi. Unasumbua patasi tu, unazifanya butu haraka.

Kwa sasa ninachokosa ni mkongo wa inchi nne uliokaa chini ya paa muda wa kutosha. Nimeambiwa kuna mpasuaji upande wa Kilindi anayehifadhi vipande vinene. Mvua zikikatika nitakwenda, na kabla ya kushika ubao wowote nitaangalia vichwa.