Siku moja maishani mwangu: natafuta nyumbani kwa kirusi cha kupe

Saa 2:00 asubuhi nimeshakaa. Watu wakisikia nafuatilia kirusi cha homa ya Krimea-Kongo, ugonjwa hatari unaoenezwa na kupe, hudhani nashinda nimevaa mavazi mazito ya kujikinga, nimeshika mirija ya damu. Wanaofanya hivyo wapo, nawaheshimu sana. Mimi napokea herufi za vinasaba zikiwa zimeshasomwa maabara, nazilinganisha na za miaka ya nyuma, kisha nachora mti wa ukoo: nani ndugu wa nani, waliachana lini, nani alihamia wapi. Jina la ugonjwa lenyewe ni anwani mbili. Krimea 1944, Kongo 1956, na ilipofika 1969 ndipo ikabainika kuwa ni kirusi kimoja.

Saa 3:00 hadi 5:00 nilisafisha data.

Saa 5:15 mti ukatoka, na tawi moja likanitoa jasho. Jenomu ya kirusi hiki, yaani vinasaba vyake vyote, ina vipande vitatu, na kupe mmoja akibeba koo mbili kwa pamoja, vipande vinaweza kubadilishana. Kwa hiyo kila kipande nakichorea mti wake. Katika sampuli hii kipande kidogo na kikubwa vilikaa na ukoo mmoja; cha kati kikaangukia ukoo mwingine kabisa. Ama kirusi kimechanganya kweli, ama sampuli mbili ziligusana maabara. Nikarudi kwenye herufi ghafi, nafasi moja baada ya nyingine, nikitafuta pale ambapo herufi mbili zinagombania kiti kimoja, dalili ya sampuli kugusana. Mchana ukapita hivyo. Sikupata hata mahali pamoja. Nilifurahi, macho yakiniuma.

Nikafungua rekodi nione kupe ametoka wapi. Pameandikwa jina la nchi, basi.

Nikampigia aliyekusanya. "Kaka, huyu kupe mlimtoa wapi?"

"Machinjioni, dada."

"Na ng'ombe?"

Kimya. "Alikuja na lori. Ngoja nimuulize mwenye mifugo."

Hapa ndipo ninapokereka kuliko popote. Ng'ombe mwenye kirusi hiki kwa kawaida haonyeshi dalili, hivyo hakuna anayeuliza alikopita. Nikiandika anwani ya machinjio, ramani itachora mshale kuelekea mahali ambapo huenda kirusi hakijawahi kuishi, na mtu ataufuata mshale huo kuamua wafugaji gani waonywe. Hispania mwaka 2010 kirusi kilikutwa kwenye kupe waliotolewa kwa kulungu; mwaka 2016 watu wawili wakaugua, mmoja akafa. Kwamba jamaa wa karibu wa kirusi hicho walikuwa Mauritania na Senegali, na kwamba ndege wahamao wenye kupe wachanga wakashukiwa, kulijulikana kwa sababu kuna watu waliandika vizuri mahali walipookota kupe wao.

Sijui ilikuwa saa ngapi aliponipigia tena; nje kulishakuwa giza. Lori lilipakia ng'ombe sehemu tatu, na hakuna anayekumbuka yule alipandia wapi. Nilitamani kuchagua moja. Programu inapenda jibu, nami nilikuwa nimechoka. Nikaandika "haijulikani", nikaacha miti ijichore usiku kucha bila mshale wa sampuli hiyo.

Kesho anakwenda kwenye mazizi yote matatu. Nimemwomba asimuokote kupe hata mmoja kabla hajaandika jina la zizi.