Watoto, gari la dumu na mchapuko

Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa mezani na daftari la fizikia, anasoma kwa sauti fosi ni sawa na masi mara akselaresheni, anarudia wee mpaka mdogo wake wa darasa la nne naye akaikariri. Nikamuuliza haya, hiyo akselaresheni ni nini? Akanijibu "ni ile a, shangazi." Roho iliniuma jamani. Mtoto ana akili zake timamu ila amepewa herufi tatu, kitu chenyewe hajapewa.

Nikamwambia funga daftari twende uani. Mdogo wake ana gari la dumu la mafuta ya kula, matairi ya kandambili, tukalitia mchanga kidogo mpaka mizani ikasoma nusu kilo, afu tukafunga raba bendi pale mbele. Sheria ikawa moja tu: unavuta hiyo raba ikiwa imenyooka sentimita kumi, isizidi isipungue. Raba ikinyooka vilevile maana yake unavuta kwa kani ileile (kani ndo hiyo fosi ya kwenye daftari), na hapo ndo utamu ulipo, maana kaka mtu alianza kwa kutembea, gari likaanza kumkaribia raba ikalegea, akaongeza hatua, likamkaribia tena, mwisho ilibidi akimbie na bado raba inataka kulegea! Akasimama anahema, "shangazi mbona linazidi tu?"

Ndo nikamwambia huko kuzidi ndo mchapuko, yaani hiyo akselaresheni yako. Wanafunzi wengi wanadhani mchapuko ni mwendo kasi na sio kweli. Si bibi yenu akiwatuma dukani anasema chapueni miguu? Hasemi muwe na mwendo fulani, anasema muuongeze huo mlionao. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kubadilika kwenye barabara iliyonyooka halina mchapuko hata kidogo, ila bajaji inayoondoka kwenye taa inao. Na likipiga breki nao ni mchapuko, ila wa kurudi nyuma. Kwa kweli Kiswahili hapa kimetusaidia sana, neno lenyewe linajieleza, na nasikitika watoto wakifika sekondari wanaliacha mlangoni.

Tukaweka pakiti ya chumvi ya nusu kilo juu ya gari, sasa jumla kilo moja, raba ileile moja, sentimita kumi zilezile. Gari likawa zito kuamka, safari hii alitembea karibu uani kote kabla hajaanza kukimbia. Tungamo, yaani ile masi, imeongezeka mara mbili, mchapuko umebaki nusu. Kwa namba ni hivi, kani ikiwa nyutoni 1 (nyutoni ndo kipimo cha kani, mayai mawili mkononi yanakulemea kama nyutoni 1 hivi) gari la nusu kilo linaongeza mwendo wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde inayopita, la kilo moja linaongeza mita 1, la kilo mbili nusu mita. Haya yote msuguano ukiuweka pembeni, na dogo aliuona mwenyewe maana aliuliza mbona nikiacha kuvuta linasimama, nikamwonyesha, kwenye mchanga likasimama palepale, kwenye sakafu ya veranda likateleza mpaka ukutani. Ardhi nayo inavuta, inavuta kinyume.

Hapo kwenye tungamo msipite haraka. Watoto wanaichanganya na uzito kwa sababu dukani tunasema uzito kilo moja na wote tunaelewana. Uzito ni dunia inavyokuvuta. Mwezini ile chumvi ungeinyanyua kirahisi maana uzito unabaki kama moja ya sita, ila kuichapua gari lile kwenda mbele kungekuwa na ugumu uleule wa hapa uani, kwa sababu tungamo haijapungua hata chembe.

Afu kaka mtu mwenyewe, sijamwambia mimi, akasema tuongeze raba ya pili. Raba mbili sambamba, yaani kani mara mbili, na mzigo mara mbili. Akavuta, akaanza kukimbia palepale alipoanzia mara ya kwanza gari likiwa halina chumvi! Akasimama kimya anafikiri. Nikamuuliza sasa jiwe la kilo mbili na la kilo moja nikiyaachia pamoja kutoka juu lipi litatangulia? La kilo mbili dunia inalivuta mara mbili, lakini na ugumu wake wa kuamka ni mara mbili... "yanafika pamoja!" Kila moja linaongeza karibu mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Nikawasimulia mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini, kule hakuna hewa ya kuuzuia unyoya, vikagusa chini pamoja.

Hawakunisubiri nimalize. Mmoja yuko juu ya kiti na mawe mawili, mwingine kalala kifudifudi shavu chini kwenye saruji, aone vizuri yanavyotua.