Mkanda wa minofu niliotengeneza mara mbili

Niseme mapema: ule mkanda wa kusafirishia minofu ya samaki kiwandani kwetu, uliokuwa unanuka, niliutengeneza mwenyewe. Na nilijivunia kweli. Siku ya kwanza niliupiga picha, nikaituma kwenye kundi la mafundi, wakanijaza sifa. Ile picha nimeshaifuta.

Kiwanda chetu kiko Mwanza, tunachakata sangara. Minofu ikitoka kwenye meza za wakataji inapanda mkanda wa mita sita hivi hadi kwa akina mama wanaotoa mafuta na miiba, kisha barafu, kisha boksi. Mkanda ulikuwa wa kawaida, kitambaa kilichovishwa plastiki nyeupe, umeungwa kwa meno ya chuma. Fremu nilichomelea kwa mabomba ya mraba ya stenlesi. Nikajiambia stenlesi ni stenlesi, itashindwa na nini?

Miezi minne baadaye dada wa maabara akaanza kuniletea uso wa kununa. Anaupangusa mkanda kwa pamba alfajiri kabla kazi haijaanza, anaotesha alichopata, na kila wiki majibu ni mabaya. Anayemwogopa zaidi ni bakteria aitwaye listeria. Huyu mdudu baridi inayolaza wenzake haimzuii, anazaana hata kwenye friji, kwa hiyo usitegemee barafu ikusaidie. Na wazee wa kazi hii Mwanza hawajasahau mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipowafungia mlango samaki wa Ziwa Viktoria. Bosi akisikia neno bakteria, chai haipiti.

Wa kwanza kulaumiwa walikuwa akina mama wa usafi wa usiku. Wawili walipewa barua za onyo. Mimi nilikuwa kwenye kikao hicho na nilitikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe.

Halafu akaja muuza dawa za kusafishia na ushauri wake: ongezeni klorini. Tukaongeza. Wiki tatu watu wanatokwa machozi kama wako msibani, beringi zikashika kutu, na stenlesi yangu ikaota vidoa vya kahawia, kwa sababu ile ya daraja la 304 haipatani na klorini kali, afadhali kidogo 316. Majibu ya maabara? Yale yale. Mwingine akasema tupige maji ya moto tangu mwanzo. Hapo mama mmoja wa usafi akaniangalia, akaniuliza, "Fundi, sufuria ya samaki kwenu mnaanza kuiosha kwa maji yanayochemka?" Nikakosa jibu. Maji ya moto yanaivisha ule utelezi wa samaki, unagandia kama ukoko. Yeye siku zote alianza na maji ya baridi, ndipo povu la sabuni, akasuuza, dawa ikaja mwisho. Ndiye aliyekuwa na barua ya onyo.

Siri iliniangukia usiku mmoja nabadilisha giaboksi. Nilifungua bolti ya mguu, nikainamisha fremu kidogo ili nipate nafasi ya spana. Kwenye tundu nililotoboa kwa mkono wangu yakatoka maji mazito, rangi ya chai ya rangi, yakaingia moja kwa moja kwenye buti langu. Harufu yake siwezi kuieleza mtu akiwa anakula. Nusu lita, labda zaidi. Bomba likishatobolewa linageuka chupa: mpira wa maji unasukuma uchafu kupitia nyuzi za bolti, ndani hakukauki milele, na mchana mashine ikitikisika inadondosha tone moja moja juu ya mkanda unaorudi chini. Akina mama walikuwa wanaosha vizuri kila usiku, na fremu yangu inachafua kila mchana.

Nikauchana na mkanda wenyewe. Pembeni kitambaa kilikuwa kimefumuka, nyuzi zinanyonya maji kama utambi wa koroboi.

Sasa nilitaka kujua kote uchafu unakojificha, si hapo tu, na hapa niacheni nijisifu. Mnavijua vile vidonge vya vitamini B vinavyofanya mkojo uwe wa njano? Vina kitu kinachong'aa chini ya taa ya zambarau, ile ya UV. Nilinunua kopo zima duka la dawa, nikavitwanga, nikachuja kwa kitambaa, nikajaza kwenye bomba la kupulizia. Tukapuliza mashine nzima, akina mama wakaosha kama kawaida yao, tukazima taa. Nikawasha katoto ka taa nilikoazima kwa keshia, kale anakokagulia noti bandia. Jamani! Kila nilipokuwa mvivu paling'aa kijani: vichwa vya bolti, chini ya chapa ya kiwanda niliyoipiga ribiti, na kwenye zile welding zangu za kuruka-ruka, kidogo hapa kidogo pale, nilizofanya kubana gesi. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Barua zilifutwa wiki hiyo hiyo, nilikwenda mwenyewe kwa bosi.

Mkanda wa pili hauna bomba lililotobolewa hata moja. Mbavu ni vyuma bapa vilivyosimama wima, maji yateleze. Miguu imezibwa pande zote kwa welding isiyokatika, na panapohitaji kufungwa kitu nimechomelea kijiti chenye nyuzi kwa nje, kikafunikwa na nati ya kofia. Kona za ndani zote za mviringo. Tulipofika kwenye kusugua nilimfukuza kijana na diski yake ya grenda, maana alikuwa ameitumia kwenye chuma cheusi, kile cha kawaida. Diski kama hiyo ikigusa stenlesi, inashika kutu mpaka ushangae. Kipimo changu ni ukucha: nikiupitisha kwenye kiungo ukanasa, bakteria amepata gesti.

Mkanda ni plastiki tupu, hauna kitambaa ndani, wa bluu kwa sababu hakuna mnofu wa bluu, kipande kikikatika kinaonekana. Chini una meno, unavutwa na gia, hauhitaji kukazwa mpaka ulie. Wengi walinishauri ule wa vipande vilivyoungwa kwa pini, ni rahisi kutengeneza ukikatika, lakini kila pini ni kichochoro. Huu ulikula kama milioni tatu na ushee bila usafiri, stenlesi sikumbuki vizuri, moja na nusu hivi. Bosi alinuna siku mbili.

Ninachokipenda zaidi ni roli ya mwisho: unavuta wenzo, inanyanyuka, mkanda unalegea, mama anapitisha brashi chini bila kumwita fundi wala kutafuta spana. Kazi ya saa nzima na zaidi sasa ni dakika ishirini.

Taa ya keshia sijairudisha. Juzi nimeipeleka kwenye mashine ya barafu, nikapuliza maji yangu ya vitamini, nikazima taa. Bawaba ya mfuniko iliwaka kama sikukuu. Yule mama akaniuliza, "Na hii nani alichomelea?"