Dola kumi na tano kwa njia ya shambani

Jamani, mimi Mtanzania, mwalimu wa Kiswahili huku Uganda, kibali cha kazi ninacho, kodi nakatwa kila mwezi, halafu kijana mwenye fulana ya kuongoza watalii ananisimamisha chini ya kilima, nje kidogo ya mji wa Kabale. "Mgeni dola kumi na tano." Mwalimu mwenzangu, Mkiga wa hapahapa, elfu kumi. Ya Uganda. Nikatoa pasipoti, nikamwonyesha jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilivyoandikwa juu kabisa. Akanijibu eti hiyo ni ya mpakani.

Hata hifadhi za taifa za Uganda zina bei ya raia wa Afrika Mashariki, tena kwa shilingi. Na hapa hata hifadhi si hifadhi, ni njia ya akina mama kwenda kulima viazi! Tulivutana mpaka elfu ishirini, nikalipa nimenuna, na kununa kwenyewe kukanipandisha nusu ya mlima wa kwanza bila kusikia miguu.

Mzunguko wenyewe tuliokwenda kuutembea ni wa kutwa. Unaanzia bondeni kwenye mafunjo, unapanda upande mmoja, unafuata migongo ya vilima mpaka linapoanzia bonde, unarudia upande wa pili. Sisi wa Lushoto tunajidai watoto wa milimani, lakini Ziwa Bunyonyi peke yake, hapo jirani, liko mita 1,962, na vilima viko juu zaidi. Kifua kinajua. Makinga maji yamepangwa toka chini mpaka kileleni, kazi iliyosukumwa kwa amri za wakoloni miaka ya 1940, watu walipozidi ardhi na wengine wakahamishiwa maeneo mengine. Mpaka leo familia moja ina kipande hapa, kingine ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo safari niliyotozwa mimi, mama wa Kikiga anaipiga jembe begani, mtoto mgongoni, na jioni bado hajapika.

Tulipoanza kurudi tukawakuta wanaume wanne wamebeba machela ya fito za kusukwa, mgonjwa kafunikwa blanketi hadi kidevuni, nyuma yao kundi likisubiri zamu. Wanaiita engozi. Gari halifiki kule juu, hivyo kaya zimejiunga chama, na anayeitwa asitokee anatozwa faini. Mwenzangu akaingia zamu bila kuambiwa. Mmoja akanitazama: "Mwalimu, shika."

Nikashika. Ule mti unakaa juu ya mfupa wa bega kabisa, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mnashuka hatua fupi fupi, wa mbele anataja kila jiwe kwa Kikiga, nami Kikiga changu kinaishia kwenye salamu, basi nikawa namfuatisha magoti tu. Mgonjwa hakuguna hata mara moja. Sijui ni uvumilivu au alikuwa ananiogopa.

Nilipopokewa, mzee mmoja akanishukuru kwa Kiswahili, akauliza nilitumikia kambi gani. Nikamwambia mimi mwalimu, Mzee wangu, sijawahi kushika bunduki. Hakuamini. Kiswahili kilichonyooka namna hiyo, akasema, mtu anakipata jeshini tu. Akatupeleka kwake, tukanyweshwa obushera, kinywaji cha mtama, kikombe kikubwa cha bati, na nilipogusa mfuko alikasirika kwelikweli. Nimeishi Kampala, nimeishi Mbarara, sijawahi kugombezwa kwa kutaka kulipa.

Sasa nyie mnaoniuliza kazi za kufundisha. Ndiyo, mtaala mpya wa 2020 umekiingiza Kiswahili kwenye sekondari za huku na walimu hawatoshi. Lakini ukitajiwa mshahara wa laki nane ya Uganda usianze kumpigia mama simu. Igeuze kwanza, haifiki laki sita ya kwetu. Uliza nani analipia kibali, na akujibu kwa maandishi, maana mkuu wa shule akikwambia "tutaona", atakayeona ni wewe. Na darasani jiandae kuulizwa kama unawafundisha lugha ya wezi na askari. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wameshaacha kuuliza, wazazi wao bado.

Wanaotaka kuja kutembea, njooni Juni au Julai, na sweta. Mwezi wa kumi na moja udongo ule unakufikisha bondeni kabla hujaamua kushuka.