Ulihesabu?

Leo ni Jumatano na bado limenikaa kooni. Neno lenyewe si tusi wala si lawama. "Haya." Basi.

Ile pikipiki ya baba, Yamaha AG100, mnaijua, nilishawaandikia ilivyoletwa kwangu Igoma, hapa Mwanza, juu ya Fuso, imelazwa katikati ya magunia ya mpunga. Mnajua pia nilivyojigamba kwamba nitaifufua kabla ya Krismasi, na mdogo wangu wa Dar alivyocheka. Imefufuka. Nilitegemea nikiandika sentensi hiyo nitakuwa na furaha kuliko hivi.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi: ukivuta choki, kiki mbili inawaka. Ukirudisha choki, inakufa palepale. Ukiishikia resi inakwenda, hata mlima inapanda, ila ukiachia tu, kimya. Sailensi, yaani kutulia bila resi, haikai hata kidogo. Fundi wa kwanza akasema pistoni. Wa pili akataka aitupe kabureta nzima aweke ya Kichina, na bei akaitaja kabla hajaishika. Vijana wa boda pale kituoni wakasema mwalimu uza chuma chakavu.

Nikakaa nayo uani nikafikiri. Injini inayovuta vizuri kwenye resi na kufa ikiachiwa, pistoni yake imekosa nini? Mafuta ndani ya kabureta yana njia zaidi ya moja. Ya kutulia inapita kwenye jeti ndogo, yenye tundu ambalo sindano ya kushonea haipiti. Pikipiki imelala na petroli ndani tangu masika, na petroli ikilala sana inaacha utando unaonata. Tundu kubwa linavumilia, dogo linaziba. Choki yenyewe inaleta mafuta ya ziada kwa njia yake, ndiyo maana ilikuwa inaificha aibu.

Jumamosi nikafungua. Koki nikafunga, bakuli la chini nikamwaga: kitu cha kahawia, kinanuka rangi ya milango. Boya zima, halijatoboka. Jeti ndogo nikaitoa nikaielekeza kwenye jua. Giza. Sijawahi kufurahia giza namna ile. Nikachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme (shaba ni laini, chuma kingekwangua tundu likapanuka, na tundu likipanuka hulirudishi), nikasukuma polepole, kisha nikaipeleka kwa jamaa wa pancha chini ya lile jiwe kubwa anipigie hewa ya kompresa. Nikaielekeza tena kwenye jua. Kitone cha nuru.

Sasa kwa ile furaha nikaendelea. Nikatoa na skrubu ya hewa ya pembeni, nikaisafisha, nikairudisha. Kurudisha najua: unaikaza kwa vidole mpaka ikae, bila kutumia nguvu maana ncha yake inaumia, halafu unafungua mzunguko mmoja na nusu uwe mwanzo. Injini ikishapata moto ndiyo unasogeza robo kwa robo, unasikiliza. Ilinisumbua kwa sababu akili yangu ilikuwa kinyumenyume. Nilidhani kufungua ni kuongeza mafuta, kumbe kwenye hii unachobana ni hewa, kwa hiyo ukikaza ndiyo mafuta yanazidi. Ukikaza sana inakohoa moshi mzito, ukifungua sana inamisi. Katikati hapo pana mahali sauti inapanda yenyewe bila kuguswa. Nilipapata jua likizama. Nikashusha mwendo kwa ile skrubu ya slaidi, ikatulia, pe-pe-pe-pe, mtoto wa jirani akapiga makofi.

Jumapili nikaenda nayo kwa baba Kisesa, kitenge nimekifunga juu ya suruali, kifua mbele.

Baba alikuwa chini ya mwembe. Nikasema shikamoo, akaitikia "marahaba mayu", macho yako kwenye pikipiki. Akanizuia nisiizime. Akasimama kwa fimbo, akaweka kiganja juu ya tangi kama mtu anayempima mtoto homa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kabureta ulifungua mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

"Na ile skrubu ya pembeni?"

"Nayo niliitoa nikaisafisha."

"Ulihesabu?"

"Kuhesabu nini, baba?"

"Mizunguko. Kabla hujaitoa unaikaza kwanza mpaka ikae, unahesabu imekwenda mara ngapi. Ndiyo unaitoa."

"Sikuhesabu."

"Haya."

Akarudi kukaa. Akauliza kama huko Igoma mvua imenyesha.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha pili nawaambia: kabla hujagusa kifaa, andika kinasoma ngapi. Nimewahi kumtoa mtoto maabara kwa kosa hilo. Tangu Jumapili nalisikia lile "haya" nikioga, nikisahihisha madaftari, nikiwa kwenye daladala nimebanwa mlangoni. Kiswahili nacho kimelipa neno hili kazi nyingi mno. Kuna haya ya "nimekubali". Kuna ya "twende". Kuna ya mama akishika kandambili. Na kuna haya yenyewe, ile ya kuona aibu. Nimezijaribu zote kwa sauti ya baba na kila moja inaingia.

Maana si kwamba pikipiki haiwaki. Namba ya kitabu ni ya kuanzia tu. Namba ya baba ilipatikana huku, kwenye hewa ya huku juu zaidi ya mita 1,100 ambayo ni nyepesi kuliko ya pwani, kwenye vumbi la Magu, na magunia ya mbegu za pamba kwenye keria zote mbili enzi zake za ubwana shamba. Aliitafuta kwa sikio. Ilikaa pale miaka yote hiyo, mimi nikaifuta kwa bisibisi ya elfu mbili, tena nikiimba.



Jana jioni nikachomoa plagi niitazame. Ilipoletwa ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Sasa ni ya kahawia, kama chai ya maziwa, rangi ambayo kila fundi anaitaka. Nikampigia mama, nia yangu nimfikishie baba habari ya plagi kupitia kwake, kama tunavyofikishiana kila kitu. Hata sijafika kwenye plagi akanikatiza.

"Hivi mmeongea nini na baba yako kuhusu kuhesabu?"

Nikasema kwa nini.

"Tangu uondoke anauliza ilikuwa ngapi. Mara moja na robo, mara moja na nusu. Jana usiku kaniamsha ananiuliza mimi. Mimi nitajua wapi?"

Nikakaa kwenye ngazi, simu sikioni, mama akihamia kwenye bei ya dagaa.

Alikuwa ananiuliza kweli. Mimi nilisikia mtihani, kumbe mzee alikuwa anaitaka namba yake. Aliyeifahamu pikipiki ile kwa kiganja hakumbuki, na mahali pekee ilipokuwa imebaki imeandikwa ni kwenye ile skrubu. Nikirudia mazungumzo sasa, "haya" hainisumbui tena sana. Ninayoirudia ni "ulihesabu?", jinsi alivyoinua uso alipoisema.

Asubuhi hii kabla ya kwenda shule nimeikaza tena taratibu nikihesabu. Moja na robo tatu. Nimeirudisha pale pale, nimeandika kwa kalamu ya maki kwenye plasta, nimeibandika chini ya siti. Jumapili nitamwambia. Sijui nitamwambia ni yangu au ni yake.

Luku ya umeme inasoma uniti 1.8, aliyetumwa kununua tangu saa kumi hajarudi, na kwenye friji kuna sato wanane wa mama mdogo ambao niliapa hawataharibika.